Siku Maombi ya Mama Yalipotoka Kwenye Spika

Kisa hiki nimekisimulia mara mbili tu, mara zote nikiwa nimechoka kiasi cha kutojali nitachekwaje, na mara zote mbili niliruka sehemu moja. Leo sitairuka. Na sehemu yenyewe si ile ya beseni la kabeji, kwa sababu ile ya kabeji watu huipenda na mimi mwenyewe siku hizi naweza kuicheka. Ni ile ya sekunde ishirini zilizokuja baadaye.

Mimi ni mwanamuziki. Naliandika neno hilo haraka kabla sijaanza kujiuliza kama ni kweli, maana nikijiuliza tutakesha hapa. Natengeneza muziki kwa kompyuta, muziki usio na mwimbaji, wa midundo na sauti ninazoziokota huku na huku: posho mill (kinu cha kusaga unga) ya Ishiara, mbuzi siku ya soko, wanafunzi wakigonga geti la hosteli baada ya mlinzi kulifunga. Naishi Nchiru, kule Meru, katika chumba kimoja cha hosteli ambayo wenzangu wote walihitimu wakaondoka, na mimi nikahitimu nikabaki (shahada ni ya hisabati, iko chini ya godoro ndani ya bahasha ya kaki, haijawahi kunisumbua nami sijawahi kuisumbua). Jumamosi nawapigia watu muziki kwenye mkahawa mmoja wa chipsi karibu na chuo, nyimbo wanazozitaka wao, halafu katikati naingiza moja yangu, na kila mara kuna kijana atakayekuja mezani, ainame, aniambie kwa upole kabisa, "Buda, hii iko poa, lakini wimbo wenyewe unaanza saa ngapi?" Huwa umeshacheza dakika sita.

Kwa hiyo kinachonilisha si muziki, ni spika. Nina spika mbili kubwa, mikisa moja (ile meza ndogo ya vitufe inayokusanya sauti zote) na maikrofoni mbili, na hivyo vyombo ndivyo watu wanavyoviita kwa matanga, harusi na mikutano, kuanzia Nchiru mpaka kwetu Siakago, Mbeere. Mimi huja navyo kama mwendeshaji. Nimebeba spika hizo mpaka bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto, na kama kuna mtu bado anadhani maisha ya DJ ni miwani ya jua na kupungia watu mkono, aje anisaidie kuzipakia kwenye pikapu saa sita mchana.

Sasa mama. Nyumba yetu Siakago ni ya mabati, na vyumba vimetenganishwa kwa mbao ambazo hazifiki juu. Mama huamka saa kumi na moja alfajiri, anapiga magoti kando ya kitanda, anaomba kwa sauti. Haombi kwa jumla jumla. Anataja watu kwa majina, mmoja mmoja, na shida ya kila mmoja, na kosa la kila mmoja, kama karani anayesoma orodha kwa mtu mwenye uwezo wa kufanya kitu. Wamama wengi wa kwetu huomba hivyo, kwa hiyo mtoto yeyote wa Mbeere aliyelala nyuma ya ukuta wa mbao amekua akijua nani ameugua, nani amekorofishana na nani, na mume wa nani amerudia tabia gani. Na hakuna aliyetufundisha kwa maneno, lakini sote tulijua: unayoyasikia alfajiri huyapeleki kwenye chai. Unakutana na huyo mtu njiani, unamsalimia, unapita.

Mimi niliyapeleka mbali kuliko chai.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Nilikuwa nimelala macho, na kwa mara ya kwanza nikamsikia mama kama mwanamuziki anavyosikia, yaani sikusikia maneno, nilisikia mwendo. Anavyosema "Ngai," yaani Mungu, kisha anavuta pumzi, kisha "Ngai" tena chini kidogo, kisha maneno yanakuja mbio mbio kama mvua juu ya bati na kukatika ghafla. Nikachukua simu, nikaisimamisha juu ya ubao pale ulipoishia, nikabonyeza kurekodi, nikalala tena. (Narudia: nililala.) Nilipoamka kulikuwa na rekodi ya dakika arobaini. Nikakata sekunde kama thelathini za mwanzo, zile za "Ngai" na pumzi, nikazigawa vipande vidogo, nikaviwekea ngoma chini, na kufikia Januari nilikuwa na wimbo unaoitwa "Alfajiri", ambao mpaka leo nasema ndio kitu bora nilichowahi kutengeneza. Zile dakika thelathini na tisa na nusu zilizobaki sikuzisikiliza. Hazikuwa na kazi.

Mama sikumwambia. Ningemwambia nini? Sikuwa nimemwambia hata kwamba niliacha kuamini nikiwa mwaka wa pili, kwa sababu ya maswali fulani niliyouliza ambayo majibu yake yalikuwa "kijana, we omba tu". Nikiwa nyumbani nilienda naye kanisani, nikakaa nyuma, nikafumba macho wengine wakifumba, nikadhani hiyo inatosha.

Mwezi wa tatu akanipigia simu. Kanisa lao lilikuwa na ibada kubwa Jumapili hiyo, vyombo vya kanisa vilikuwa vimeungua, na alasiri baada ya chakula ndipo yeye mama angesimikwa kuwa kiongozi wa akina mama. Alisema hayo ya mwisho haraka, kama mtu anayetaja bei, lakini nilijua uzito wake. Alikuwa amepika kwenye jiko la kanisa lile miaka ishirini. Alikuwa ameosha sufuria huku wengine wakitoa hotuba. "Kuja na hizo vyombo zako," akasema, "na Ireri, ni nyimbo za kanisa pekee. Hizo zako za kugongagonga uache huko Meru." Nikasema sawa, mama.

Nilifika asubuhi na mapema na pikapu ya kukodi, nikafunga spika moja ndani ya kanisa na nyingine nje kwenye uwanja palipowekwa mahema. Na jambo la ajabu, kila niliyekutana naye alinisalimia "mwalimu". Habari ya Meru, mwalimu. Karibu mwalimu. Mama mmoja akanivuta kando kuniuliza kama binti yake, kwa alama alizopata, anaweza kuchukuliwa kusomea hesabu, nami nikamjibu vizuri kadiri nilivyojua, nikidhani ananiuliza kwa kuwa nimesoma. Pasta mwenyewe alinishukuru mbele ya watu wote kwa kuacha kazi zangu nyingi za chuoni nikaja kuwasaidia na vyombo. Nikainua mkono. Nikajiambia labda ni heshima tu, huku kwetu mtu akishika maikrofoni na kuvaa miwani anaitwa mwalimu. Mimi ninayejigamba kuuliza kila kitu sikuuliza.

Ibada iliisha. (Mahubiri yalikuwa marefu. Kumbukeni hilo.) Watu wakatoka nje kula, foleni mbili ndefu, wali na nyama upande mmoja, muthokoi (mahindi yaliyokobolewa na maharagwe) na kabeji upande wa pili, na akina mama wa kundi la mama wakipakua wakiwa na vitambaa vyao vipya vya kichwa vya rangi ya samawati. Mimi, kwenye meza ya mikisa na kompyuta pale uwanjani, nikaweka nyimbo za kanisa za ala tupu, polepole, kwa sauti ndogo ya wakati wa kula. Na hapo ndipo nikafanya uamuzi mdogo.

Nilikuwa nimechoka, hiyo ndiyo sababu, na najua si sababu. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa spika. Nikaangalia ule uwanja, watu kama mia tatu, wengi wao watu niliokua nao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia ninachofanya, nikafikiri: "Alfajiri" ni tulivu, ina neno "Ngai" mara ishirini, ni wimbo wa kanisa kuliko hata baadhi ya nyimbo za kanisa. Na sauti ya mama imekatwa vipande hivi kwamba hata yeye hataitambua. Dakika nne tu.

Wimbo wenyewe sikuwa nimeutoa kama faili moja iliyokamilika, kwa kuwa kompyuta yangu ni ya zamani na kazi hiyo huifanya ipate joto kama pasi, kwa hiyo niliucheza moja kwa moja kutoka kwenye programu ninayotengenezea. Ngoma na vile vipande vyote vilikuwa ndani ya diski ndogo ya nje iliyounganishwa kwa waya. Ndani ya kompyuta yenyewe kulikuwa na kitu kimoja tu cha wimbo huo, ile rekodi nzima ya mama, nikiwa nimeinyamazisha tangu Januari. Na kwa kuwa ilirekodiwa juu ya ubao, kutoka mbali, nilikuwa nimeiongeza sauti mpaka mwisho kabisa.

Wimbo ukaanza. Ukatoka safi. Nikaona mtoto mmoja akitikisa kichwa huku anatafuna mfupa, nikasikia kitu kifuani ambacho sijakisikia Nchiru hata siku moja. Basi nikataka kufanya kile ambacho kila fundi wa muziki hufanya: kwenda nyuma kabisa ya uwanja, nisikie unavyofika kule. Karibu na meza alikuwa amekaa Mzee Nyaga, mzee wa kanisa, mtu mnyoofu anayependa kupewa kazi. Nikamwambia, mzee, nikalie hapa dakika mbili, usikubali mtu yeyote aguse hii mashine, na ikiandika swali lolote kwenye kioo bonyeza tu hiki kitufe kikubwa. Akavuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta yangu kama askari wa benki.

Nilipofika kwenye uzio nikageuka, mikono mfukoni, nikafumba macho kidogo. Nadhani hata nilikuwa natabasamu.

Kilichotokea mezani niliambiwa baadaye. Mama mmoja alikuwa amebeba trei ya sahani, akakosa pa kuiweka, akaiweka kwenye meza yangu, ikasukuma ile diski, waya ukachomoka. Kompyuta ikaandika kwamba mafaili mengi hayaonekani, je, iendelee na kilichobaki? Mzee Nyaga akabonyeza kitufe kikubwa, na programu ikajifungua upya, ikasahau kwamba ile rekodi ilikuwa imenyamazishwa.

Ngoma zikakatika. Kukawa kimya, kisha spika zote mbili, ya ndani na ya nje, zikatoa sauti ya mama yangu akiomba, kubwa kuliko alivyowahi kuongea maishani mwake. (Aliomba kwa Kimbeere, na kwa Kimbeere ni kali kuliko nitakavyoweza kuiandika hapa.)

Mwanzoni watu waliinamisha vichwa. Ndiyo, waliweka vijiko chini wakafumba macho, wakidhani mama ameshika maikrofoni kuombea chakula. Hata mimi kwa sekunde nilifikiri hivyo.

"Ngai, mpe Pasta mahubiri mafupi. Unajua miguu yetu, na unajua ng'ombe hawangojei amina."

Kicheko kikaanzia upande wa vijana kikasambaa, Pasta mwenyewe akacheka, na mimi nikaanza kukimbia, kwa sababu ni mimi peke yangu katika uwanja ule niliyejua kwamba haikuwa maikrofoni na kwamba zilikuwa zimebaki dakika thelathini na tisa. Tatizo ni kwamba foleni mbili zilikuwa kati yangu na meza, na watu wenye sahani hawasogei, wanageuka tu kukutazama. Nikapita katikati ya mahema, nikaruka benchi, na mguu wa kulia ukatua ndani ya beseni la kabeji mpaka kwenye kifundo. Sikulitoa. Nilienda nalo hatua mbili au tatu, likipiga kelele juu ya mawe, kisha likabaki nyuma na kiatu changu.

Mama alikuwa karibu kuliko mimi. Alikuwa ametoka kwenye sufuria ya wali na mwiko mkononi, akitembea kwa haraka lakini bila kukimbia, akafika mezani, na Mzee Nyaga akasimama akatandaza mikono.

"Mama Ireri, kijana amesema mtu asiguse."

"Nyaga, hiyo ni sauti yangu."

"Najua ni yako. Lakini alisema mtu yeyote."

"Mimi ni mama yake."

"Hakusema isipokuwa mama," akasema Mzee Nyaga, na hapo hapo, juu ya vichwa vyao wote wawili, mama wa kwenye spika akaendelea: "Mkumbuke Nyaga, Ngai. Muguka umemmaliza meno, na sasa anatafuna hata ibadani kwenye kiti cha nyuma akidhani hatumuoni."

Shavu la Mzee Nyaga, lililokuwa limevimba upande mmoja kwa majani hayo tangu asubuhi, likaacha kusogea. Uwanja mzima ulilitazama shavu lile. Na bado hakuondoka pale, akabaki na mikono yake imetandazwa, na nikimfikiria sasa namuonea huruma, kwa maana nilimpa kazi akaifanya, ni mimi niliyeshindwa na yangu.

Nilikuwa nimebakisha hatua kama kumi nilipolisikia jina la Mama Gicuku. Huyu alikuwa katibu wa kundi la akina mama, mjane, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, na kila mtu alijua kwamba kiti ambacho mama angepewa alasiri ile naye alikuwa amekitaka. Alikuwa amesimama kwenye sufuria ya nyama.

"Mimi hicho kiti sikitaki, Ngai, wewe unajua. Lakini usimpe Mama Gicuku. Moyo wake umekauka tangu azike mume wake. Ukimpa watu atawaendesha kama punda wa maji. Mponye kwanza. Kiti baadaye."

Hapo hakuna aliyecheka. Hata watoto. Nikampita mama, nikampita Mzee Nyaga (mimi alinipisha, tena akasema "karibu, mwalimu"), nikaweka kidole juu ya kitufe cha mikisa kinachozima kila kitu.

Sasa tumefika kwenye sehemu ninayoiruka.

Kidole kilikuwa pale. Kilikuwa kinagusa kabisa. Na sauti ikasema, "Na Ireri wangu," na mimi sikubonyeza.

Nilitaka kusikia. Hakuna maelezo mengine, nimeyatafuta. Mama alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu na mwiko wenye wali, watu mia tatu wanatutazama, na mimi nilisimama na soksi moja yenye kabeji, nikisikiliza.

"Na Ireri wangu. Nisamehe ule uongo, Ngai. Niliwaambia anafundisha hesabu huko chuoni na sasa sijui nitarudi vipi. Nilikosa jina la kazi yake. Angeniambia jina lake ningewaambia. Najua haombi tena, anafumba macho ili nimuone amefumba. Usimwache kwa ajili ya hiyo..."

Nikabonyeza.

Mama mwenye binti wa hesabu alinitazama, akatazama sahani yake. Mama Gicuku akaweka upawa wake chini taratibu, akafuta mikono kwenye kitambaa, akaja mpaka pale tulipokuwa. Nilidhani atapiga kelele. Akamwambia mama, kwa sauti ya chini kabisa, "Punda wa maji."

"Nilisema," mama akajibu. "Siwezi kusema sikusema."

Mama Gicuku akatingisha kichwa kidogo, kama mtu aliyepewa risiti, akavua kile kitambaa cha samawati, akakikunja, akaelekea nyumbani kwake. Pasta akainuka akasema na tuombe, kisha akazitazama spika, akaomba sekunde kumi hivi, likiwa ombi lake fupi kuliko yote aliyowahi kuomba, kwa hiyo angalau jambo moja katika orodha ya mama lilijibiwa mchana ule ule. Akatangaza kwamba shughuli ya alasiri itaahirishwa mpaka itakapoonekana vyema. Akina mama wakarudi kupakua. Mama pia akarudi kwenye sufuria yake, akapakua mpaka mtu wa mwisho, na kila aliyepita mbele yake aliangalia wali.

Jioni nilimkuta jikoni anachagua ndengu kwenye ungo. Nikakaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, kuhusu diski, waya, trei ya sahani, jinsi programu inavyofanya kazi, na nikaanza kuyasema, naye akaniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Uliirekodi lini?"

"Desemba."

"Na ulikuwa umeisikiliza yote?"

"Hapana, mama. Mwanzo tu."

"Kwa hivyo hata wewe umesikia leo na watu wengine." Akatupa jiwe dogo nje. "Ireri, nilikuona mkono. Ulikuwa umefika. Ungezima."

Ningeweza kumdanganya, kwamba kitufe kilikwama. Nilichoka hata kwa hilo. Nikasema nilitaka kusikia atakachosema juu yangu.

"Ungeniuliza," mama akasema. "Wewe unauliza kila kitu. Unauliza Pasta kama Mungu yuko. Mimi hujawahi kuniuliza kitu."

Akaendelea na ndengu zake. Hakulia na hakunitukana, na mimi ningependa kimojawapo kati ya hivyo viwili.

Kesho yake alfajiri nililala macho nikingoja. Nilisikia kitanda, nikasikia magoti yakigusa sakafu, kisha sikusikia kitu. Alikuwa anaomba kimya kimya. Miaka ishirini na saba nimelala nyuma ya ule ukuta, na ukimya ule ni mimi niliyeuleta. Niliufuta wimbo wote asubuhi hiyo hiyo, vipande na rekodi, kwenye simu na kwenye kompyuta na kwenye diski, na nilipomwambia akasema sawa, kwa namna mtu anavyosema sawa ukimwambia mvua imepita baada ya nguo kulowa.

Baada ya wiki tatu akina mama walimsimika Mama Gicuku. Vyombo walivikodi kwa mtu mwingine. Mama alikuwepo, alipiga makofi na wenzake, na alipika. Pale kanisani watu bado hunisalimia, lakini hakuna anayeniita mwalimu, na Mzee Nyaga akiniona huhamisha kitu shavuni kwenda upande wa pili.

Nimekula kiapo, na naandika hapa ili niwe na mashahidi: sauti ya mtu sitaigusa mpaka nimwulize mwenyewe, tena aniangalie usoni akikubali. Imenipunguzia nyimbo. Siku hizi natumia posho mill sana.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani. Kabla ya saa kumi na moja nikasikia kitanda chake, kisha sauti yake juu ya mbao.

"Ireri."

"Naam, mama."

"Simu yako iko wapi?"

"Iko hapa. Nimeizima."

"Ilete."

Nikaamka nikampelekea. Akaichukua kwa vidole viwili, akaenda nayo jikoni, akaitia ndani ya sufuria ya ugali, akafunika, na juu ya kifuniko akaweka jiwe la mlangoni. Kisha akarudi chumbani, akafunga mlango, nami nikarudi kitandani kwangu. Magoti yakagusa sakafu.

"Ngai," akasema, kwa sauti ile ile. Akavuta pumzi. Alianza na Mama Gicuku, akamwombea kwa kirefu, na alichomwombea nimekisikia na sitakiandika. Akaja Pasta. Akaja Nyaga. Orodha ilikuwa inashuka, na mimi ninaijua orodha ile, najua nani anamfuata nani.

Aliposema "Na Ireri wangu" nilikuwa tayari nimesimama. Nikafungua mlango wa nje polepole, nikaenda kuwafungulia mbuzi, nikakaa nao huko mpaka kulipokucha. Mpaka leo sijui alisema nini.